Gari Halijaguswa

Waliokaa wiki nzima wakimlilia Mchoraji wafute machozi. Hakufa.

Tuliachana naye gari lake likirudi kinyumenyume mlimani, breki imekanyagwa mpaka mwisho, tope linateleza kama sabuni, na korongo limekaa mkono wa kushoto likisubiri. Kilichotokea ni hiki. Bampa la nyuma liligonga kisiki cha mkaratusi uliokatwa zamani, likalia kama sufuria iliyoanguka jikoni, na gari likasimama.

Kukawa kimya. Mvua tu juu ya paa.

Mchoraji alijigusa kichwa, akajigusa kifua, akateremka mpaka magotini. Kila kiungo kilikuwa mahali pake. Ndipo akafanya jambo ambalo mkewe angelijua hata bila kuliona: alifungua mlango, akatia viatu kwenye tope, akazunguka nyuma kutazama kama rangi imekwaruzika.

Ilikuwa imekwaruzika. Mstari mrefu mweupe ulikatiza kijani ambacho alikipenda kuliko kijani chochote alichowahi kukichanganya kwa mkono wake.

Kwa anayejiunga nasi leo, tusimwache nje. Mtu wetu ni mchora mabango. Ukiona ukutani kinyozi aliyechorwa na ndevu zilizonyooka kuliko za kinyozi mwenyewe, huenda ni kazi yake. Mkewe huitwa Nesi, na watu na mumewe pia. Alihamishiwa zahanati iliyo juu ya mlima huu, mahali ambapo mvua ikianza barabara hufungwa kama duka la mtu aliyefiwa. Msimu wa mvua uliopita Nesi alipoteza mimba akiwa huko juu. Mumewe alifika matope yalipokauka.

Hawakugombana. Hilo ndilo lililomtisha Mchoraji, kwamba hawakugombana.

Basi akauza kibanda cha kazi, akauza ngazi na pampu ya kupulizia rangi, akanunua gari la milimani. Na leo asubuhi Nesi akapiga simu. Mganga mkuu wa zahanati anataka jibu lake leo: anabaki huko moja kwa moja, au anarudi mjini. Nesi alieleza kwa ile sauti yake ya mtu anayesoma kipimajoto. Njoo unichukue mwenyewe kabla ya giza, nitashuka na mizigo yangu yote. Usipokuja nitajua, na nitamwambia nabaki.

Hakusema zaidi. Na sasa alasiri ilishaingia, mvua haina dalili ya kuchoka, na Mchoraji yuko nusu ya mlima, gari limelalia kisiki.

Akarudi ndani ya gari, akajifuta uso.

Bado alikuwa na silaha moja. Katikati ya viti vya mbele kulikuwa na gia mbili. Ile ndefu ni ya safari za kawaida. Ile fupi ndiyo inayoyaamsha magurudumu yote manne yavute kwa pamoja, na bila hiyo gari la milimani ni teksi tu iliyotunisha kifua. Mchoraji hakuwahi kuishika. Mjini haikuwa na kazi. Aliiweka akiba, kama mtu anavyoweka suti ya sikukuu.

Akakanyaga klachi. Akaiweka gia ndefu huru. Akaishika ile fupi, akavuta.

Haikuja.

Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka goti kwenye dashibodi akavuta kwa mgongo. Ilikuwa kama kung’oa msumari kwenye ukuta wa benki. Akaibembeleza, akaiita mama, kisha akaitukana tusi ambalo mhariri wetu hataliruhusu. Gia fupi ikabaki imesimama wima, na kile kimfuko cha ngozi shinani mwake hakina hata mkunjo.

Hakina hata mkunjo. Siku ya kununua alikisifu kimfuko hicho kwa unadhifu wake.

Akampigia simu dalali.

Dalali huyo wanamwita Yamini, kwa sababu hauzi gari bila kuapa. Watu humcheka, lakini hakuna aliyewahi kumkamata kwa kiapo cha uongo. Alipokea simu kwa salamu ndefu. Akauliza habari za kazi, za nyumbani, za afya, na Mchoraji akajibu zote kuwa ni njema, huku gari limeegemea kisiki.

“Ile gia fupi,” Mchoraji akasema hatimaye. “Haisogei.”

“Umeivuta?”

“Mpaka bega limeuma.”

“Na klachi umekanyaga?”

“Nimekanyaga.”

Sauti ya Yamini ikawa ya upole, kama ya mtu anayeleta habari za msiba.

“Basi haijawahi kusogea, ndugu yangu. Tangu kiwandani. Gia zile zisipotumika hushikana na kutu huko ndani, zikawa chuma kimoja.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikwambia. Nilikuapia kabisa kwamba gari halijaguswa.”

Mchoraji akafumba macho.

Aliikumbuka vizuri siku ile kwenye uwanja wa magari. Gari lilisimama peke yake kando ya ukuta. Halikuwa la kale. Lilitengenezwa miaka ya karibuni likavalishwa sura ya enzi za babu: taa za duara kama macho ya mtoto aliyeshtuka, paa jeupe, bawaba za milango zimeachwa nje zionekane, na tairi la akiba mgongoni. Mtaani kwake walikuja kuliita Babu Kijana.

Alilizunguka polepole. Alipitisha kiganja kwenye kila mlango. Alibisha kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama kuna mahali pamejazwa pati kuficha mbonyeo. Alifunua mipira ya madirisha kutafuta chembe za rangi ya pili, kwa sababu mpuliziaji mvivu husahau hapo. Alinusa. Hakuona kosa. Akauliza kwa neno la kazi yake, neno ambalo kila mpaka rangi hulielewa: “Limeguswa?”

Kwa mpaka rangi, gari lililoguswa ni lililopakwa rangi upya.

Kwa dalali, gari lililoguswa ni lililotumika, hata kwa kifaa kimoja kilichomo.

“Halijaguswa,” Yamini aliapa, mkono kifuani. Mchoraji akafurahi mpaka akashindwa kuficha, na mnunuzi akishafurahi haulizi swali la pili.

“Mimi nilikuwa nauliza rangi,” akasema sasa kwenye simu.

“Hukutaja rangi.”

“Mkono wangu ulikuwa juu ya mlango.”

“Nami nikasema kweli kuhusu mlango. Na kuhusu gia. Na kuhusu kila kitu, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyefurahi.”

Mvua ikazidi. Mchoraji akauliza ni nani alikuwa mwenye gari kabla yake, swali ambalo lingefaa kuulizwa mapema kidogo.

Lilikuwa la studio ya picha, Yamini akamweleza bila kuficha. Lilikaa uani juu ya zulia la majani ya plastiki. Maharusi walilikalia kwenye boneti, wanapigwa picha kana kwamba wako safarini. Likichafuka lilitoka kwenda kuoshwa, likarudi.

“Kwa hiyo halijapanda mlima hata siku moja.”

“Limepigwa picha nyingi na mlima. Ulichorwa ukutani nyuma yake.”

Mchoraji alitaka kuuliza ni nani aliyeuchora mlima huo. Akaona heri asiulize. Zamani alifanya kazi nyingi za studio.

Akakata simu bila kuaga. Aliwasha injini, akajaribu kwa gia ndefu peke yake. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakarusha tope mpaka kwenye paa jeupe, yakachimba. Akajaribu kuweka mawe. Mawe yakazama. Akavua shati akaliweka chini ya tairi. Shati likatoka upande wa pili likiwa halifai hata kupigia deki.

Akakaa kwenye kiti, kifua wazi, mikono mapajani. Hakulia. Alikuwa akiitazama barabara mbele yake na kuona jinsi alivyo karibu, na jinsi ukaribu huo usivyomfaa.

Hapo dirisha likagongwa.

“Shemeji, hapa umeegesha au umeanguka?”

Alikuwa dereva wa lori la maziwa. Wanamwita Povu, kwa ajili ya mzigo anaobeba na maneno anayotoa. Kwa wiki kadhaa sasa Mchoraji amekuwa akimshuku mtu huyu, na barua zenu zinaonyesha nanyi mmemshuku. Ndiye anayepita zahanati kila jioni kuacha maziwa ya wagonjwa. Ndiye aliyekuwa akimpa Nesi kiti cha mbele barabara ikipitika. Humwita dada. Hilo nalo mnaliona vibaya. Mimi sijasema kitu, na leo pia nitamwacha aseme mwenyewe.

Nyuma yake lori lilikuwa limesimama, bovu kwa sura, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini matairi yamevishwa minyororo na limekaa juu ya tope kama liko sebuleni.

Povu akalitazama gari la Mchoraji, akapapasa taa ya duara kwa kidole.

“Uzuri wa mkakasi,” akasema, si kwa ubaya. “Ndani kipande cha mti.”

Mchoraji akamweleza kuhusu gia. Alieleza kwa maneno machache, kwa sababu kila neno lilimpunguza. Povu hakucheka. Aliinama, akajaribu gia mara moja kwa mkono wenye nguvu, akaiacha kama mtu anavyoacha mkono wa maiti.

“Hii ni ya nyundo na moto na mafuta, shemeji, na fundi mwenye subira. Si ya leo.” Akaiangalia mvua. “Nina kamba. Nikushushe au nikupandishe?”

Hapo ndipo palikuwa pagumu.

Akishushwa, heshima yake itabaki nzima na ndoa yake itakwisha. Akipandishwa, atafika kwa mkewe akiwa amefungwa kamba nyuma ya lori la mtu yule yule. Na Nesi alisema waziwazi: uje mwenyewe.

“Nipandishe,” akasema.

Wakafunga kamba. Povu akamwazima koti la mpira linalonuka maziwa yaliyochacha. Lori likanguruma, kamba ikakaza, na Babu Kijana akatoka kwenye kisiki kwa sauti ya kunyonywa.

Mchoraji alikaa kwenye usukani kama abiria wa gari lake. Kazi yake ilikuwa kuelekeza magurudumu mahali lori linapotaka. Mbele yake hakukuwa na kitu cha kutazama ila ubao wa nyuma wa lori, na maneno yaliyoandikwa hapo: POLEPOLE NITAFIKA KABLA YAKO. Herufi zilipinda, na L zote tatu zilikuwa na urefu tofauti. Mwandishi wa ubao huo hakuwa na mkono wa kazi. Mchoraji alijiliwaza kwa hilo njia nzima, maana aliye matopeni hushika hata unyasi.

Mara mbili gari liliteleza kuelekea korongoni, na mara mbili kamba ililirudisha. Mara ya pili aliona chini kabisa, maji mekundu yakipita na tawi zima. Akaacha kutazama upande huo.

Kisha lori likasimama.

Walikuwa wamefika juu, kwenye njia panda. Mbele barabara ilipiga kona moja na kuingia zahanati. Kulia kulikuwa na njia ya mashambani, kule ambako Povu hulala na kukusanya maziwa ya alfajiri. Povu akateremka, akaja dirishani. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

“Shemeji, kuanzia hapa ni tambarare. Hata gari la maharusi linapita. Nikufungue?”

“Kwa nini?”

“Dada aliniambia anakungoja leo. Aliniambia, mume wangu anakuja mwenyewe. Alilisema mara nyingi, mpaka nikamwambia nimesikia.” Akakuna shingo. “Mwanamume aingie kwa mkewe kwa miguu yake. Mimi nitakata huku mashambani. Zahanati maziwa yao wataletewa asubuhi.”

Mchoraji akamtazama. Huyu ndiye mtu aliyemchukia kwa wiki zote hizo. Alitafuta ile chuki, akakuta imeteleza kama kila kitu leo.

Angeweza kusema hapana. Msomaji, ilikuwa ni neno moja tu. Ila tusimhukumu haraka. Mtu aliyeuza ngazi zake ili aweze kupanda mlima, akafika juu amevutwa kama mbuzi, akiambiwa kamba inaweza kufunguliwa na hakuna atakayejua, si wengi wangekataa ifunguliwe.

“Usimwambie,” akasema.

“Nimwambie nini? Mimi leo sijapita huku.”

Povu akafungua kamba, akaikunja begani, akapanda lori. Mnyororo ukatafuna tope. Lori likakata kulia, likapotea nyuma ya ukungu, na mlio wake ukafifia.

Mchoraji akavaa tabasamu, akawasha zile taa za duara, akapiga kona.

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye baraza mbele. Barazani alisimama Nesi na sare yake, sweta juu. Pembeni yake kulikuwa na sanduku la bati, godoro lililoviringishwa, ndoo yenye vyombo, na jiko dogo limefungwa kwa kanga.

Mizigo yote. Alikuwa ameshafunga mizigo.

Mchoraji akapiga honi kidogo, honi ya furaha, akasimamisha gari mbele ya ngazi. Nesi akashuka kwenye mvua mbio. Mchoraji akafungua mlango na mikono.

Nesi akampita.

Alipita upande wa gari, akaenda mpaka kwenye lango, akatazama barabara. Akasimama hapo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

“Lori liko wapi?”

“Lori gani?” Mchoraji akauliza.

Lilikuwa swali la kijinga, naye alilijua likiwa bado mdomoni. Nesi hakupandisha sauti. Alimshika mkono, akampandisha barazani, akamwonyesha. Kutoka pale barabara yote ya mlima ilionekana chini yao, kona kwa kona, kama kamba ya kiatu iliyoangushwa sakafuni. Hata kisiki kilionekana.

“Nimewaona tangu pale,” akasema. “Nimeona Povu anakufunga kamba. Nikasema Mungu hamtupi mja wake, nilikuwa naomba gari moja na yanakuja mawili. Nyuma ya kona ile siwaoni tena. Lori liko wapi, mwenzangu?”

“Amepita mashambani.”

“Huwa hapiti mashambani kabla ya hapa. Kwa nini leo?”

Ndani ya nyumba mtu akaguna, mguno mrefu wa kujizuia.

Ni mganga mkuu, Nesi akaeleza huku akitafuta namba kwenye simu. Tumbo lilimshika mchana, kwanza kitovuni, kisha likahamia kulia chini, na sasa limekuwa gumu kama ubao. Amejipima mwenyewe, naye Nesi amempima, wote wamesema neno moja. Ni kidole tumbo, kinakaribia kupasuka, na hapa hakuna wa kupasua. Hospitali iko chini.

Simu ya Povu haikupatikana. Mashambani hakuna mtandao, na yeye haondoki huko mpaka alfajiri. Njia ile haipitiki bila minyororo, na kwa miguu, kwa tope hili, mtu hafiki huko na kurudi kabla ya giza. Nesi alipiga tena hata hivyo. Akasikiliza. Akaishusha simu.

“Nilikuwa nimepanga,” akasema. “Mganga alale kwenye lori, lina minyororo. Mimi na wewe tufuate nyuma na mizigo. Nilishamwambia sibaki. Nilimwambia mara tu nilipoona ile rangi ya kijani inaanza mlima.”

“Ulipoona nimekwama?”

“Nilipoona umekuja.”

Mchoraji akaketi juu ya sanduku la bati. Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye koti la mpira hadi kwenye sakafu safi.

“Ulisema nije mwenyewe,” akasema. “Nikaona kamba… Povu akasema anifungue, ili nifike mwenyewe. Ndiyo maana amekata kule.”

Nesi alimtazama muda mrefu. Haikuwa hasira. Mchoraji angependa iwe hasira.

“Mwenyewe, wewe,” akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma. “Mwenyewe, maana yake usimtume mtu. Ungekuja kwa punda. Ungekuja umefungwa kamba shingoni. Nilitaka sura yako tu ifike hapa mvua ikinyesha. Umenielewa vipi wewe?”

Alikuwa amemwelewa kama mchora mabango. Alidhani anaagizwa picha.

Ndani, mganga mkuu akaita kwa sauti ndogo kuuliza kama magari yamefika. Nesi akamjibu kwamba limefika moja. Sauti ya ndani ikasema basi, moja linatosha, likiwa zima.

Nesi akafuta mikono kwenye sare. Macho yake yalikwenda kwenye gari, kwenye paa jeupe lililochafuka, kwenye taa zinazowaka, kwenye tairi la akiba mgongoni. Lilionekana gari la kazi. Mtu yeyote angeliamini. Ndiyo kazi ambayo lilitengenezewa, kuaminiwa kwa macho.

“Nijibu kweli,” akasema. “Kupanda lilishindwa, nimeona. Kushuka, linashuka?”

Mchoraji akainua uso. Ilikuwa nafasi yake ya kueleza. Kutu, gia fupi, maharusi, breki iliyokanyagwa mpaka chini na gari likaendelea kwenda. Angesema yote, na Nesi angemwelewa, na wangebaki hapa wote watatu kungoja alfajiri pamoja na kidole tumbo. Na asubuhi angekuwa mume wa mwanamke aliyemwona mgonjwa wake akifa barazani kwa sababu ya kamba.

“Linashuka,” akasema.

Nesi hakuuliza la pili.

Wakamtoa mganga mkuu kwa shuka, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Alikuwa mtu mzima mzito, mwenye adabu. Aliomba radhi kwa uzito wake, akaomba radhi kwa tope. Wakamlaza kiti cha nyuma. Nesi akaingia naye, akakipakata kichwa chake, akakaza miguu yake mwenyewe kwenye mlango ili wasiteleze.

Mchoraji akarudi barazani kuchukua sanduku.

“Liache,” Nesi akasema kutoka ndani ya gari.

“Nafasi ipo. Naweza kulifunga juu.”

“Mizigo ibaki.”

Alisimama na sanduku mikononi. Kuna jambo alitaka kuuliza, kama ibaki ina maana ya leo tu, au ina maana nyingine. Aliangalia kioo cha dirisha. Nesi alikuwa ameinamia mgonjwa, anahesabu mapigo, midomo ikitembea. Hakuonekana mtu wa kuulizwa maana ya neno.

Akaliweka sanduku chini taratibu, akaingia kwenye usukani.

Wakapita lango. Wakapiga ile kona. Wakapita njia panda, na Mchoraji akatupa jicho kulia, lakini ukungu ulikuwa umeifunga njia ya mashambani na hakusikia mlio wowote. Mbele, tambarare ilikwisha. Barabara ilikunjika ukingoni na kuzama, nyekundu, inang’aa, huku alama za minyororo ya lori zikiwa zimeshajaa maji. Akasimamisha gari pale ukingoni.

“Mbona umesimama?” Nesi akauliza.

“Nataka nishuke vizuri.”

“Shuka vizuri, basi.” Kisha, kwa sauti ambayo Mchoraji hakuwa ameisikia tangu msimu uliopita wa mvua, akasema, “Mwenzangu. Asante kwa kuja.”

Mchoraji alitaka kugeuka amtazame. Hakuthubutu.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo aliiachia breki polepole, kama dereva aliyekomaa. Lakini mguu wake ulikuwa bado umeikanyaga mpaka mwisho, na gari lilikuwa limeshaanza kwenda.